Sufuria, Mwambie Mwenye Keki

Jina la baba mkwe wangu hamtalisikia humu, kwa hiyo msilingoje. Mimi ni Damari, Mnyakyusa wa Rungwe, na kwetu mkamwana hataji jina la baba wa mumewe, hamtazami usoni, wala hakai naye chini ya paa moja. Akitokea mbele yako njiani, unapotelea migombani. Migomba ikikosekana, unajifunika kanga kichwa kizima na kuchutama mpaka apite. Hakuna chuki hapo. Ni heshima, ila heshima yetu ina mbio nyingi. Nilipoolewa na Isakwisa niliwashinda wakamwana wote wa kijiji kwa kupotea, na nilijisifu kwa hilo. Miaka mitatu ya ndoa ilipita, baba mkwe anajua visigino vyangu tu.

Mwaka wa 1956 tulikuwa tunakaa Mbeya mjini, Isakwisa akiwa karani wa posta. Jirani yetu alikuwa Bi Mwanakhamisi, mwanamke wa Kiislamu ambaye wazee wake walipanda huku na bidhaa kutoka pwani, wakasahau kurudi. Alikuwa na duka la sabuni, chumvi na mafuta ya taa, na nyuma ya duka alikuwa anaoka keki. Tanuri hakuwa nalo. Alikuwa na sufuria nene, mfuniko wa bati, makaa chini, makaa juu, na pua. Pua ndiyo ilikuwa saa yake. Yuko dukani anapima chumvi, ghafla ananyanyua uso: "Damari, imeiva!" Na kweli imeiva.

Siku ya kwanza nilikwenda kwake kununua sabuni, nikarudi nyumbani jioni bila sabuni. Nilipenda kila kitu cha mle ndani: mayai yanavyopigwa mpaka mkono unakufa ganzi, siagi inavyogeuka nyeupe, harufu inavyowatoa watu majumbani mwao. Lakini kilichonitia wazimu hasa ni kupasua keki. Bi Mwanakhamisi alikuwa anaichukua keki moja nene, anaitoa matabaka matatu membamba, anayapaka jamu ya mapera na kuyarudisha moja juu ya mwenzake, na mezani huoni chembe. Wala hakutumia kisu. Alitumia uzi.

Siku zile sabuni ya kufulia ilikuja kwa miche mirefu, na wenye maduka waliikata vipande kwa uzi. Bi Mwanakhamisi aliianza kazi hiyo akiwa mtoto dukani kwa baba yake. Alikuwa anaweza kumaliza mche mzima huku anagombana na mteja, na vipande vyote vikawa sawa.

"Kisu kinasukuma," aliniambia. "Uzi unapita tu. Keki haipendi kusukumwa, mwanangu. Hata mimi sipendi."

Niliharibu keki nne. Ya kwanza niliikata ingali moto, ikawa uji. Ya pili niliikata vizuri kabisa, ila kwa uzi ule ule wa sabuni, na Isakwisa alikula kipande kimoja akatoka nje kusukutua. Ya tatu niliiinua kwa vidole, ikanimwagikia miguuni. Ya nne nilishikwa na kicheko katikati ya kuvuta. Ya tano ilitoka matabaka matatu mazima, nikaruka, nikamkumbatia Bi Mwanakhamisi mpaka ushungi ukamvuka. Kuanzia siku hiyo sikuwa na nafuu. Nilikuwa nikiona kitu chochote kinene, hata godoro, najiuliza kingepasuliwa wapi.

Basi, shemeji yangu Danieli, mdogo wake Isakwisa, aliyekuwa dresa wa hospitali Iringa, akapata mchumba Mhehe: Matilda, binti wa mzee Kalinga wa Kihesa, Walutheri kama sisi. Mama Matilda akatuma neno kwamba kwenye harusi anataka keki ya ghorofa, kama aliyoiona siku moja kwenye meza ya wazungu wa tumbaku, na upande wa bwana harusi ndio wailete. Isakwisa akajibu siku hiyo hiyo kwamba wasiwe na shaka, mke wake ni fundi. Hakuniuliza. Nilimgombeza saa nzima, na moyoni nilikuwa nacheza ngoma.

Ngoma hiyo ilikatizwa na baba mkwe. Alikuja kutoka Rungwe kwa ajili ya safari, akakaa barazani kwetu na mwanawe. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya mlango. Alikuwa fundi mwashi, mtu wa tofali na timazi. Alishajenga makanisa mawili na shule sijui ngapi, na kila alichokitazama alikitazama kama ukuta anaotaka kujua umeinamia wapi. Aliongea na Isakwisa, lakini kwa sauti ya kunifikia mimi.

"Shamba la mama yako limekuwa pori, Isakwisa. Wakamwana wa wenzangu wanalima. Wa kwangu, naambiwa, yuko mjini anapiga mayai."

"Baba, ile ni kazi ya—"

"Nisikilize. Keki hiyo inakwenda kwa wakwe zetu kwa jina langu. Ikisimama mezani nzima, mwenye keki abaki Mbeya na mayai yake, sitasema neno tena. Ikibomoka mbele ya Wahehe, tukirudi apande gari la Tukuyu Jumanne. Jembe lipo nyuma ya mlango, linamngoja."

Nilikunja ngumi mpaka kucha zikaniingia. Kulima najua, nimelima tangu sijaota meno ya mbele. Lakini kulima Rungwe maana yake ni kumwacha mume wangu Mbeya, na uzi, na sufuria, na ile harufu ya saa nne asubuhi, labda kwa miaka. Nililia kidogo. Halafu nikakasirika, na nikikasirika napata akili.

Bi Mwanakhamisi alisikiliza mkasa wangu wote bila kuacha kukata sabuni. Kisha akanipa mambo manne: rili mpya ya uzi isiyowahi kuona sabuni, makopo mawili ya jamu, sufuria yake mwenyewe, na onyo.

"Oka Jumatano, pasua Jumamosi. Keki ikilala inakaza, haivunjiki ovyo. Na usiipake jamu kabla ya safari. Ukiipandisha basi na jamu yake, Iringa utafika na supu."

Jani la mgomba lilikuwa wazo langu, na hilo sitaki mtu anipokonye. Ukilipitisha jani motoni linalainika, halichaniki. Unalisokota polepole chini ya tabaka lililokatwa, unaliinua lote pamoja na jani, unaliteremsha unapotaka, unavuta jani. Bi Mwanakhamisi alipoona akasema, "Kumbe mnyama!" Hakuwahi kunisifu zaidi ya hapo.

Safari yenyewe niifupishe. Baba mkwe alikaa mbele karibu na dereva. Mimi nilikaa nyuma kabisa, nimejitanda kanga, sanduku tupu la majani ya chai magotini na keki ndani yake, imeviringishwa shuka, na sufuria ya Bi Mwanakhamisi miguuni. Katikati alikaa Isakwisa kama ukuta wa mpaka, maana basi nalo lina paa. Basi likisimama Chimala, akishuka baba mkwe, mimi nabaki. Akipanda, nashuka mimi, mbio, kwa mlango wa nyuma. Makambako dereva alishindwa kuvumilia, akamuuliza Isakwisa kama yule mama ana deni na yule mzee. Abiria wote wakacheka, na nina hakika baba mkwe hakucheka. Vumbi lilituingia mpaka masikioni. Nilikuwa nafunua shuka kila baada ya maili kumi kuiangalia keki, na kila mara ilikuwa nzima, nikawa namshukuru Mungu kwa sauti.

Jumamosi ya harusi kulipambazuka na ule upepo wa Iringa unaopenya hadi kwenye mifupa. Jiko la Mama Matilda lilikuwa kijumba cha nje chenye mlango mmoja. Ndani mlikuwa na mafiga, rafu ya vyungu kwenye kona ya mbali, na karibu na mlango meza ya mbao. Mguu mmoja wa meza ulikuwa mfupi, umewekewa tofali chini yake. Likumbukeni hilo tofali.

"Kamwene, mama Damari!" Mama Matilda aliniamkia, kibwebwe kiunoni, jasho usoni na baridi yote ile. "Jiko lako hilo. Nimewafukuza wote. Mtu akiingia humu nitamkata masikio."

Akaenda zake uani, ambako wanawake walikuwa wameshaanza kuimba. Nikabaki na keki yangu. Nikachomeka njiti za ufagio kuizunguka, safu mbili, kila safu kwa urefu wake. Nikalaza uzi juu ya njiti za juu, nikazikutanisha ncha mbele yangu, nikazipishanisha, nikavuta. Polepole. Uzi ukaingia, ukapotea, keki ikakaa kimya kama haijui linalotendeka, na mara uzi ukatokea mkononi mwangu wote. Nikarudia safu ya chini. Matabaka matatu! Nilitaka kupiga vigelegele peke yangu. Nikasokota jani chini ya tabaka la juu, nikaliinua na viganja viwili, nikaanza kutembea nalo kwenda kwenye rafu, nikiimba wimbo wa wale wa uani.

Baba mkwe naye, upande wa nyumba ya wageni, alikuwa ananyoa ndevu kwa ajili ya kanisa. Alishapaka sabuni, maji yakampoa. Akaita maji ya moto mara ya kwanza, mara ya pili. Kwa nyimbo zile nani amsikie? Basi akachukua kopo lake, akayafuata maji mwenyewe. Akaingia jikoni bila hodi.

Nilisikia kopo likigonga mlango, nikageuka.

Sasa nielezeni, mngefanya nini? Mwili wangu ulifanya ulichofundishwa. Ulitaka kanga, lakini kanga ilikuwa kiunoni na mikono imejaa. Ulitaka mgomba, na mgomba niliokuwa nao ni lile jani tu. Nikachutama hapo hapo, nikainua jani na keki yake, nikajifunika nayo uso.

Keki haikuumbwa iwe kanga. Niliisikia inakatika, kitu kidogo tu, kama mtu anameza mate. Nusu moja ikanilalia shavuni, nusu nyingine ikategemea kidevu changu. Nikaganda.

Kabla sijajifunika nilikuwa nimemwona, kwa kupepesa tu. Au niseme nimeliona povu. Uso wote ulikuwa povu jeupe mpaka machoni. Naye alichokiona ni keki yenye miguu. Kwa hiyo mtu akiniuliza, nitaapa mbele ya wazee: siku ile hakuna aliyemwona mwenzake.

Yeye naye alifanya alichofundishwa. Alijigeuza haraka kuukabili ukuta, na katika kujigeuza akalipiga lile tofali teke. Meza ikainama. Matabaka mawili yaliyobaki yakaanza kuteleza kuelekea sakafuni. Nikasikia "Ha!", kopo likianguka. Nilipochungulia pembeni mwa keki, alikuwa amenipa mgongo, uso wake ukutani, na mkono wake mmoja nyuma umeshika kona ya meza, umeinyanyua sawasawa. Akiachia, keki inakwenda. Kwa hiyo hawezi kutoka. Na mimi mlango uko upande wake, siwezi kutoka. Tulikuwa chini ya paa moja, baba mkwe na mkamwana, na wote tumekamatwa na keki.

Nje wakaimba ubeti mzima. Mwisho yeye akakohoa, akasema na sufuria ya Bi Mwanakhamisi iliyokuwa juu ya mafiga na jamu ndani yake.

"Sufuria."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Wewe sufuria. Mwambie mwenye keki kwamba chini ya meza kuna tofali limetoka. Alirudishe."

"Sufuria," nikasema, sauti inatoka chini ya keki, "mwambie mwenye kushika meza kwamba mwenye keki ana mikono miwili, na yote ina keki."

"Sufuria, mwambie aiweke mahali."

"Sufuria, mwenye keki akiinuka kufikia rafu itamwagika. Mahali pa kuiweka ni hapo mezani."

Nikaona mabega yake yanatikisika. Nilidhani ni hasira, nikasema moyoni, Damari, jembe hilo. Ndipo nilipokumbuka jembe lenyewe, na kwamba keki imevunjika kweli, na aliyeweka sharti yuko hapa hapa kama shahidi. Machozi yakanitoka yakaingia kwenye keki.

"Sufuria," akasema kwa upole kidogo, "kuna mtu analia humu?"

"Sufuria, mwambie tabaka la juu limevunjika."

"Vipande vingapi?"

"Viwili."

"Viwili tu?" Alisema kama fundi aliyeitwa kutazama ufa, akakuta si wa kutisha. "Sufuria, mwulize mwenye keki kama anadhani kila tofali nililojengea kanisa lilikuwa zima. Lililokatika haliwekwi juu watu wakalitazama. Wala haliwekwi chini likabeba ukuta. Linawekwa katikati, na udongo wa kutosha juu na chini. Nani atajua?"

Nilisahau kulia. Akili yangu ikaanza kukimbia. Tabaka la kati likae chini. Lililovunjika lije katikati. Lile la chini, ambalo mgongo wake ni laini na umenyooka kwa kukaa kwenye sufuria, ligeuzwe liwe juu. Lingekuwa zuri kuliko la juu lenyewe! Nilitamani nimshike mkono. Badala yake nikasema, "Sufuria, mwambie ndaga fijo, asante sana. Na mwambie afumbe macho, mwenye keki anapita."

"Yamefumbwa tangu zamani. Yamejaa sabuni."

Nikasogea kwa magoti, keki juu ya viganja, nikalisukuma tofali kwa mguu mpaka likarudi chini ya meza. Akaachia kona. Ikasimama. Sasa alikuwa huru kwenda. Hakwenda. Alibaki na uso wake ukutani, mikono nyuma, kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni.

"Sufuria," akasema, "mwulize huo udongo wake ukoje. Ukiwa na maji mengi ukuta unateleza."

"Sufuria, mwambie jamu imechemshwa mpaka kijiko kinasimama chenyewe. Na ukingoni inapakwa nene kama boma, halafu katikati nyembamba, isitoke nje ikilemewa."

"Boma," akarudia. Nilimsikia analifikiria. "Hiyo ni akili. Sufuria, hiyo nani kamfundisha?"

"Muuza sabuni."

Nikajenga. Tabaka la kwanza, boma la jamu, jamu ya kati. Nikaviteremsha vile vipande viwili kwa jani, nikavibana, ufa ukafumba. Jamu tena. Nikaligeuza la chini, nikalitelezesha juu. Yeye kila baada ya muda anauliza sufuria tumefika wapi, na sufuria inamjibu. Nilipomaliza nilitoa ua la waridi nililolichuma kwa Mama Matilda, nikalilaza juu, ukingoni.

"Sufuria, mwambie ufa uko chini ya ua. Mwenye keki ameweka alama ili kisu kisipite hapo."

"Chini ya ua," akasema. "Nimesikia."

Mara tukasikia vigelegele vinakuja upande wetu. Alitoka macho yamefumbwa, akajigonga paji la uso kwenye kizingiti, akasema neno la Kinyakyusa ambalo shemasi wa kanisa kama yeye hapaswi kulijua, akapotea. Maji ya moto hakuchukua, akanyoa kwa ya baridi akaishia nusu. Kanisani, Isakwisa aliniambia, baba yake alikaa kiti cha mbele upande mmoja wa kidevu umenyolewa na mwingine una ndevu, akiimba kwa nguvu kuliko kwaya.

Alasiri keki ilitolewa uani. Mimi nilijibanza jikoni na kutazama kwenye upenyo wa mlango, Mama Matilda amenilalia mgongoni naye anatazama. Wahehe walisimama kuiona. Matilda na Danieli wakashika kisu. Ndipo baba mkwe aliponyanyuka, kidevu chake nusu kwa nusu, akainua mkono.

"Ngojeni."

Akatia mkono mfukoni mwa koti akatoa timazi. Nasema timazi, ile risasi ya waashi na kamba yake. Akaining'iniza pembeni mwa keki mbele ya wakwe, wachungaji na wazee wote, akafumba jicho moja. Timazi ikayumba, ikayumba, ikatulia.

"Imesimama," akatangaza.

Vigelegele! Mama Matilda alinipiga mgongoni mpaka nikagonga mlango. Lakini mzee hakukaa. Wakati maharusi wanatafuta pa kuanzia, akanyoosha kidole.

"Mimi nikatieni hapo penye ua."

"Baba, ua ni la bibi harusi," Danieli akasema.

"Mimi ni mzee, nakufa wakati wowote. Nikatieni penye ua."

Watu wakacheka, wakasema mzee wa Rungwe ana tamaa. Wakamkatia. Na kweli kipande kilipofika kwenye sahani yake kilifunguka katikati, chwa. Niliona. Lakini alishakifunika na kiganja chake kikubwa cha uashi, akakibomoa kwa vidole, akakila chote haraka haraka, pamoja na ua. Alipofunua sahani haikubaki hata chembe. Vipande vilivyofuata vilitoka vyote vizima, mistari miwili myekundu katikati, na Mama Matilda alilia machozi kwa furaha, nami nikalia naye kwa sababu zangu.

Jumatatu tulirudi Mbeya. Hakusema lolote njiani, wala mwanawe hakuthubutu kumwuliza. Jumanne asubuhi nilikwenda stendi na Isakwisa kumsindikiza, maana hukumu ilikuwa haijatamkwa, na nguo zangu nilikuwa nimeshazifunga kwenye furushi, ikitokea. Nikasimama nyuma ya gari la Tukuyu, kanga kichwani, sufuria ya Bi Mwanakhamisi mkononi kwa kuwa nilikuwa naipeleka kwake. Nikasikia hatua zake zinakuja, zikasimama upande wa pili wa gari. Nikachutama.

"Sufuria," akasema.

Nikaikumbatia.

"Mfuniko wako umepinda. Unaunguza upande wa kushoto, niliuonja. Isakwisa akutafutie fundi bati." Akaanza kupanda gari. Nilifikiri ndiyo basi. Halafu sauti ikaja tena, ya chini, kama mtu anayetoa jino lake mwenyewe. "Na mwambie mwenye keki abaki. Krismasi nitakuja kuwatembelea." Gari likawaka. "Safari hiyo nitapiga hodi."

Nilicheka pale chini, kanga imenifunika, mpaka Isakwisa akadhani nalia, akaniinamia. Gari likaanza kuondoka. Nikainua sufuria juu ya kichwa changu, juu kabisa, aione kwenye dirisha.

"Karibu!" sufuria ikapaza sauti. "Karibu sana, baba!"